Nusu ya Siku

Kwa Kiswahili siku moja ni siku, na siku mia ni siku. Neno lenyewe halibadiliki. Idadi tunaijua kwa maneno yanayolizunguka. Sasa mpe mtu karatasi yenye majibu manne ya kuchagua: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Muulize ni mara ngapi katika wiki mbili zilizopita amejisikia hana raha. Aliyeandika karatasi alikusudia zaidi ya nusu ya zile siku kumi na nne. Anayesomewa anasikia zaidi ya nusu ya siku moja, yaani tangu asubuhi mpaka alasiri hivi. Wote wawili wanakijua Kiswahili vizuri, na hawajaelewana.

Majibu hayo nimeyatafsiri neno kwa neno kutoka PHQ-9, dodoso la maswali tisa linalotumika sehemu nyingi duniani kupima sonona. Makala iliyolithibitisha kwa Kiingereza ilichapishwa Marekani mwaka 2001. Kila jibu lina alama yake, kuanzia 0 hadi 3, na jumla inaishia 27. Mtu akifikisha 10, mhudumu wa afya anatakiwa amwangalie kwa karibu zaidi. Jibu letu la nusu ya siku lina alama 2. Mtu akilichagua mara tano tu, kwa ile maana ya asubuhi mpaka alasiri, ameshafika 10. Sarufi imempa ugonjwa. Na yupo wa upande wa pili: anaumia siku tisa kati ya kumi na nne, lakini kila siku ni saa mbili tatu tu za usiku, watu wakishalala. Huyo anaona jibu hilo halimhusu, anashuka kwenye "siku kadhaa", na karatasi inamrudisha nyumbani.

Mimi ni mwandishi wa habari, si daktari. Niliingizwa kwenye mambo haya na mdogo wangu, ambaye ni mkunga na alikuwa anaandaa utafiti wa shahada ya uzamili. Alitaka kujua ni akina mama wangapi wenye watoto wa chini ya miezi sita wanaofika kliniki wakiwa na sonona. Pendekezo lake lilirudi kutoka kwa msimamizi na swali moja pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Utatumia zana gani, na imethibitishwa kwa nani?" Akanipigia simu. "Dada, wewe si ndiyo kazi yako kutafuta watu? Haya, nitafutie hawa waliouliza kabla yangu."

Kwenye utafiti, zana ya kupimia haiishii kwenye rula na kipimajoto. Dodoso nalo ni zana, maana linageuza maneno ya mtu kuwa namba. Napenda hilo neno dodoso kuliko hojaji wanayoitumia wenzetu wengi. Kuhoji kuna harufu ya polisi. Kudodosa ni kuuliza kidogo kidogo, kwa upole, mpaka mtu aseme lile alilolikalia. Na sisi Waswahili tunahitaji kudodoswa. Muulize mtu aliyefiwa jana "habari za nyumbani?" atakujibu "nzuri", halafu baada ya pumzi moja ataongeza, "ila tu tumempoteza baba." Kwanza njema, halafu msiba. Dodoso linaloishia kwenye ile "nzuri" halijauliza kitu.

Nilimuuliza mdogo wangu kwa nini asikae chini akaandika maswali yake kumi ya Kiswahili safi, mambo yaishe. Akacheka. "Nitaandika, watajibu, nitapata namba. Halafu mtu ataniuliza hiyo namba ni ya nini."

Hapo ndipo penye kazi. Fikiria mizani ya sokoni. Ukiweka mfuko uleule mara tatu na mizani ikakupa uzito uleule mara tatu, hiyo ina uthabiti. Lakini mizani iliyochezewa nayo ina uthabiti. Inaiba gramu zilezile kila siku. Kitu cha pili ni uhalali: je, inachosema ndicho kilichomo mfukoni? Wakulima wetu wanajua bei ya kukosa uhalali. Gunia la lumbesa linaitwa gunia, linalipwa kama gunia, lakini kilichomo ni gunia na kilemba chake juu. Dodoso lisilothibitishwa ni lumbesa ya namna hiyo: linaitwa la sonona, linaandikwa kwenye ripoti kama la sonona, na huenda lilichopima ni uchovu, njaa, au aibu ya kumjibu mgeni. Kulithibitisha kunahitaji watu wengi wajibu dodoso, kisha wahojiwe kwa kina na mtaalamu asiyejua alama zao, ndipo yalinganishwe: ni wagonjwa wangapi dodoso limewakamata, na ni wazima wangapi limewaacha waende. Kazi hiyo hula fedha na miaka. Mwanafunzi wa uzamili hana vyote viwili. Anachoweza ni kutafuta aliyekwisha kuifanya.

Tukaanza na PubMed, kanzidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ina rekodi zaidi ya milioni 35, na ukoo wake unarudi kwenye orodha ya kuchapwa iliyoanza mwaka 1879. Ukiandika humo neno la Kiingereza la sonona peke yake unaletewa mafuriko. Mtu anayetafuta zana hatafuti kila kilichoandikwa kuhusu ugonjwa. Anatafuta makala zinazouliza kama kipimo chenyewe kinapima. Kwa hiyo unajenga vikapu vinne. Cha kwanza ni jambo unalopima, pamoja na majina yake yote. Cha pili ni watu unaowapima: wajawazito, wazazi, wanaonyonyesha. Cha tatu ni aina ya zana: dodoso, skeli, orodha ya dalili. Cha nne ni maneno ya ufundi: uhalali, uthabiti, tafsiri, kizingiti cha alama. Ndani ya kikapu unaunganisha kwa "au", kati ya vikapu kwa "na". Kikapu cha nne ndicho wengi wanakisahau, na ndicho kinachokausha mafuriko. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Amsterdam lilichapisha chujio zima la kikapu hicho, msururu mrefu wa maneno ambao mtu anaunakili tu na kuubandika PubMed. Siku tuliyoujua tuliokoa bando la wiki.

Kisha lugha yenyewe ikaanza kututania. Watafiti wengine huandika Swahili, wengine Kiswahili, na kompyuta haijui kwamba ni ndugu. Ukitafuta jina moja, makala za jina la pili hazitokei. Inabidi uweke yote mawili, na bado haitoshi, maana wapo wanaoandika kwenye ikisiri kwamba dodoso "lilitafsiriwa katika lugha ya eneo" bila kuitaja. Hao unawanasa kwa majina ya nchi, halafu unafungua moja moja.

Na kuna habari ya nyota. Kwenye PubMed ukiweka alama ya nyota mwishoni mwa shina la neno, inakuletea kila neno lililoota mkia hapo. Kwa Kiingereza ni dawa kubwa, maana maneno yao hukua kwa nyuma. Yetu hukua kwa mbele. Mzazi, wazazi, uzazi, kizazi: shina liko kimya pale nyuma, kichwa ndicho kinachobadilika. PubMed haikubali nyota kichwani mwa neno. Nilikaa nikaitazama ile alama kwa muda. Hakuna mtu aliyekusudia ubaya. Chombo kilijengwa na watu wenye maneno ya mkia. Lakini ukiwa mtu wa fasihi unaona mara moja kwamba hata kisanduku cha kutafutia kina sarufi, na sarufi hiyo si ya kila mtu.

Zipo kanzidata zilizojengwa kwa ajili ya zana peke yake. Ipo PsycTESTS ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, na ipo HaPI ya Pittsburgh, ambako mtu anatafuta jina la kipimo badala ya jina la makala. Hizo zinataka usajili wa kulipia. Chuo cha mdogo wangu hakikuwa nao, ila kilikuwa na Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002 kuzifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya tiba. Jioni moja baada ya nyingine tulikaa mezani, yeye na nywila ya chuo, mimi na daftari.

Majina yakaanza kutoka. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha uthibitisho wa orodha ya Hopkins ya dalili 25 kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI hapa Tanzania. Mwaka 2006 ikatoka makala ya kutafsiri na kuthibitisha PHQ-9 kwa Kiswahili nchini Kenya, kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo. Mwaka 2018 ikachapishwa zana iliyotengenezwa kaunti ya Bungoma kwa ajili ya wajawazito na waliojifungua, ikichanganya vigezo vya kitabibu na maneno ya wanawake wenyewe. Mwaka 2019 PHQ-9 ikathibitishwa Tanzania.

Ukiorodhesha hivyo unaona kwa nini msimamizi aliuliza "kwa nani". Mtu mwenye uvimbe kooni akisema hana hamu ya chakula, na mama mwenye mtoto wa wiki sita akisema hivyohivyo, sentensi ni moja na habari ni mbili. Wenzetu wa Edinburgh waliliona hilo mapema. Skeli yao ya maswali kumi kwa waliojifungua, iliyochapishwa mwaka 1987, inakwepa kuuliza kuhusu uchovu, kwa sababu ni nani mwenye kichanga asiyechoka? Hata usingizi wanauuliza kwa uangalifu: usingizi uliopotea kwa sababu ya huzuni, siyo uliokatwa na kilio cha mtoto. Ila skeli hiyohiyo ina swali linalotumia msemo wa Kiingereza ambao ukiuleta kwetu neno kwa neno, mama anaulizwa kama mambo yamekuwa yakimpanda juu. Jaribu kumsomea mama wa Kiswahili hiyo sentensi, uone atakavyokutazama.

Iliyonikaa zaidi moyoni haikuwa ya Kiswahili. Ilikuwa dodoso la Kishona la maswali 14, lililochapishwa mwaka 1997 na Vikram Patel na wenzake waliofanya kazi Harare. Hawakuanza na orodha ya Marekani au Uingereza. Walianza na maneno ambayo wagonjwa wenyewe hutumia kuelezea hali zao, ndipo wakajenga maswali. Neno kubwa humo ni kufungisisa. Kwa Kishona kufunga ni kufikiri, na kile kiambishi cha nyuma kinalizidisha: kufikiri kupita kiasi, mpaka fikra zikugeuke. Mwswahili akiliona anasoma kufunga kwa maana yake mwenyewe, ya mlango na kamba, na ajabu ni kwamba hata hivyo anaelewa. Maswali hayohayo 14 ndiyo yaliyokuja kutumika kwenye Friendship Bench, mpango ulioanza Harare mwaka 2006, ambapo akina bibi waliofunzwa huketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Majaribio yake yalichapishwa mwaka 2016. Bibi, benchi na sentensi kumi na nne zilizoandikwa kwa lugha ya watu wanaojibu: sijasoma kitu kilichonionyesha wazi zaidi kwamba kazi ya lugha inaweza kuwa kazi ya tiba.

Sisi neno letu ni lipi? Tanzania vitabu na hospitali husema sonona, kutoka kusonona, yaani kuumia moyoni. Ni neno zuri, lakini mtaani wengi hawalitumii. Kenya utakuta unyogovu. Nyumbani kwetu nilikokulia hapakuwa na sonona wala unyogovu. Palikuwa na mawazo. "Fulani ana mawazo." Na dawa ya mawazo ilikuwa moja: "Kaza moyo."

Katika kutafuta huku kuna jambo linaloudhi, na msomaji wa blogu ya fasihi atalielewa haraka. Makala ya uthibitisho hukueleza kila kitu: idadi ya washiriki, umri, hesabu za uthabiti, kizingiti cha alama, hata nani alitafsiri na nani alitafsiri kurudi kwenye Kiingereza ili kulinganisha. Kisha inaisha. Sentensi zenyewe za Kiswahili, zile alizosomewa mama, mara nyingi hazimo. Ni kama kusoma uhakiki mzuri wa riwaya ambayo haijachapishwa. Unajua ina nguvu, unajua ina kurasa ngapi, hujaona hata mstari mmoja.

Kwa hiyo utafutaji unatoka kwenye kanzidata na kurudi kwa watu, jambo ambalo kwangu lilikuwa nafuu, maana hilo nalijua. Unafuata marejeo ya makala kurudi nyuma, kisha unatazama nani ameitaja makala hiyo baadaye, ukienda mbele. Unaandika barua pepe kwa mwandishi aliyewekwa kwa mawasiliano. Anwani nyingine zimekufa, zilikuwa za uanafunzi. Nyingine zinajibu baada ya siku mbili, na faili limeambatishwa, na mstari mmoja: ukimaliza tuambie ulichopata. Mdogo wangu aliisoma ile barua kwa sauti mara mbili. Njia nyingine ni hazina za mtandaoni za vyuo vikuu, kwenye tasnifu ambazo PubMed haiziorodheshi. Ukienda moja kwa moja nyuma kabisa, kwenye viambatisho, baada ya ramani na vibali, ndiko Kiswahili kilipo. Nimesoma humo sentensi ambazo mwandishi wa hadithi angezionea wivu, na nyingine ambazo zimenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi na hazina mtu ndani.

Suala la haki miliki nalo lipo. Dodoso la Beck, linalojulikana tangu mwaka 1961, huuzwa. PHQ-9 ni bure. Ya Edinburgh unaruhusiwa kuinakili mradi uwataje waliotunga na ilikochapishwa. Mwanafunzi asipoyasoma haya mapema, anaweza kukusanya majibu ya watu mia mbili kwa zana asiyoruhusiwa kuitumia.

Mwisho tulikuwa na matoleo machache mezani, pamoja na tafsiri ya neno kwa neno ya PHQ-9 tuliyoiandaa ya kulinganishia. Kabla ya kwenda kliniki inabidi ujaribu kama maswali yanaeleweka: unamsomea mtu swali, anajibu, halafu unamuuliza amesikia nini. Mtu wa kwanza tuliyempata alikuwa mama yetu. Alikuwa uani anachambua mchele.

"Mama, tunakuomba utusaidie. Nakusomea maswali, unajibu unavyojisikia."

"Ni mtihani huu?"

"Hapana mama. Hakuna kufeli."

Swali la kwanza lilipita. La pili pia. Kwenye la tatu mdogo wangu alirudia yale majibu manne, na mama akasimamisha mkono juu ya ungo.

"Hiyo nusu ya siku ndiyo siielewi. Mimi ikinianza asubuhi, nikishaingia jikoni imekwisha. Sasa hiyo inafika nusu au haifiki?"

Tukatazamana. Sisi wawili, mmoja na shahada ya uandishi na mwingine karibu na uzamili, tulikuwa tumeisoma sentensi ile kwa miezi kwa macho yaliyokwisha kuona Kiingereza chake, kwa hiyo Kiingereza kilikuwa kinatusaidia kuielewa bila sisi kujua. Mama aliisikia ilivyo. Mdogo wangu akafuta, akaandika juu yake: zaidi ya siku saba kati ya hizo kumi na nne. "Ah," mama akasema, "sasa hiyo ni hesabu. Hiyo naijibu."

Kwa wiki mbili zile hakuwa na tatizo. Alijibu hapana, hapana, siku kadhaa, hapana. Mdogo wangu alipofunga daftari, mama akasema, akiwa bado na mchele wake, "Kwa sasa sina. Mngeniuliza nilipomzaa huyu."

Huyu ni mdogo wangu mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1995.

Akaanza kujibu, bila kuulizwa, maswali yote upya kwa mwaka ule. Kwamba usiku mtoto alikuwa analala na yeye halali. Kwamba chakula alikuwa anakipika kwa kumbukumbu tu, hakijui ladha. Kwamba alijiona mzigo. Alipofika kwenye lile swali la mwisho, la kutamani kufa, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Hilo la tisa liache wazi." Mimi nilikuwa mtoto mdogo wakati ule, na ninachokumbuka ni wakubwa kusema mama ana mawazo, na shangazi kuja kukaa nasi.

"Ulimwambia nani kliniki?" mdogo wangu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mkunga.

"Nimwambie nani, mwanangu? Nilikuwa nakupeleka kila mwezi. Unatundikwa kwenye mizani, wanaandika kwenye kadi, wanasema mtoto anaongezeka vizuri. Wewe walikupima kila mwezi. Mimi hakuna aliyenipima."

Skeli ya Edinburgh ilikuwa na miaka minane wakati huo. Sisemi kwamba ingemfikia. Kati ya Edinburgh na kliniki yetu palihitajika mtafsiri, mthibitishaji, mkufunzi, karatasi na muuguzi mwenye dakika kumi. Nasema tu kwamba maswali ya kumuuliza yalikuwepo duniani, yameandikwa, na mama alikuwa anafika kwenye jengo lile kila mwezi bila kukosa.

Tangu siku hiyo sijaweza kuona utafutaji wa zana kama kazi ya karani. Kila rekodi kwenye kanzidata ile ni mtu aliyekaa na wengine akawauliza, akarekebisha swali, akauliza tena, akahesabu, akaandika kwamba kwa watu hawa, kwa lugha hii, maswali haya yanafanya kazi. Asipoweka maneno yake mahali pa kuonekana, anayemfuata ataanza upya, na atakayelipa gharama ya kuanza upya ni yule aliyekaa kwenye foleni na mtoto mgongoni.

Mdogo wangu alichagua PHQ-9. Sababu zake zilikuwa za mtu wa kazi: ni ya bure, imethibitishwa kwa Kiswahili pande zote za mpaka, na kliniki itaweza kuendelea kuitumia yeye akishaondoka. Alitumia toleo alilotumiwa na watafiti, akamweleza msimamizi kila neno alilopendekeza libadilishwe na kwa nini, na akaomba sehemu ya akina mama wahojiwe pia na daktari ili alama zilinganishwe. Kwenye swali la usingizi aliweka maelezo kwa msomaji: uliza usingizi wakati mtoto amelala.

Tasnifu imeshawasilishwa. Nilipewa kuihariri, na nilichokifurahia zaidi hakikuwa kwenye sura za matokeo. Kwenye ikisiri ameandika Swahili na pia Kiswahili, yote mawili, na kwenye maneno ya msingi ameyarudia. Ametaja nchi. Ametaja jina la zana kwa kirefu na kwa kifupi. Na kiambatisho cha tatu ni dodoso lote, maswali tisa na majibu manne, kwa herufi kubwa za kusomeka, likiwa na safu ya pembeni inayoeleza sentensi ipi iliwakwaza watu na ilirekebishwaje. Kwenye mstari wa jibu la tatu ameandika: "Epuka 'nusu ya siku'. Msikilizaji anaweza kuelewa nusu ya siku moja." Hakuandika ni nani aliyeligundua hilo, kwa sababu washiriki hawatajwi majina.